Alienda kwa mwaka mmoja, akarudi nyuma ya miaka 21: Gandhi na familia yake Afrika ya Kusini



Karibu kila mmoja wetu aliyevuka ziwa ao mpaka alisema neno moja: tunaenda kwa muda kidogo tu. Miezi 3, ao mwaka moja, vita ikitulia tunarudi. Kiisha watoto wakazaliwa kule, wakaanza shule kule, wakajifunza kuhesabu kwa lugha ya kule. Wakati meli ilitutoa Kigoma na kutushusha Baraka, kuna vijana kati yetu waliokuwa wanaona Congo kwa mara ya kwanza, na tuliwaambia kwamba wamerudi kwao.

Juu ya ile, katika ukurasa huu tunaeleza maisha ya mtu ambaye dunia nzima inamujua: Mohandas Gandhi, yule Wahindi wanaita Mahatma. Wengi wetu tunamujua kama mzee mwembamba wa shuka nyeupe, aliyepigania uhuru wa Uhindi bila bunduki. Ila mbele ya ile yote alikuwa baba kijana, aliyekaa nchi ya watu na mke na watoto, akisema kila mara kwamba karibu atarudi. Hatusemi kwamba safari yake ilikuwa kama yetu. Yeye alienda na kontra na tiketi ya daraja la kwanza. Sisi tulienda na bulangeti juu ya kichwa. Lakini mukiingia ndani ya nyumba yake mutakuta mambo munayoyajua sana.

KIJANA ALIYEKOSA KAZI KWAO

Gandhi alizaliwa tarehe 2 mwezi wa 10 mwaka 1869, Porbandar, mji wa kando ya bahari katika jimbo la Gujarat. Baba yake alikuwa waziri mukubwa wa mtawala wa pale. Kufuata desturi ya wakati ule, walimuozesha akiwa na miaka 13, na mke wake, Kasturba, alikuwa wa umri wake. Mtoto wao wa kwanza alikufa nyuma ya siku chache tu. Mwaka 1888 wakapata mtoto mwanaume, Harilal, na mwaka ule ule baba akaenda London kusoma sheria. Mke na kichanga walibaki. Harilal alianza maisha yake bila baba ndani ya nyumba, na tutaona vile jambo hilo lilirudi mara nyingi.

Mwaka 1891 Gandhi alirudi na diploma ya avoka. Siku ile njo alijua kwamba mama yake alikuwa amekufa. Familia ilikuwa imemuficha habari ili asivunjike moyo katika masomo. Watu walifikiri kwamba mtu aliyetoka Uingereza atapata pesa haraka. Hapana. Huko Bombay alisimama mbele ya tribinali katika kesi yake ya kwanza, maneno yakamukauka mdomoni, akakaa chini na kurudisha pesa ya mteja. Akarudi Rajkot kuandika barua za watu. Mwaka 1892 mtoto wa pili, Manilal, akazaliwa. Pesa ilikuwa kidogo, na kaka yake aliyemulipia masomo alikuwa anangojea matunda.

KONTRA YA MWAKA MMOJA

Njo wakati kampuni ya Dada Abdulla, wafanyabiashara Waislamu Wahindi wa Afrika ya Kusini, walimuita awasaidie katika kesi kubwa. Kontra ilisema haitapita mwaka mmoja: tiketi ya kwenda na kurudi, chakula na malazi, na paundi 105. Gandhi alikubali mara moja. Mke na watoto wawili wakabaki tena.

Aliondoka Bombay mwezi wa 4 mwaka 1893. Meli ilipita Lamu, Mombasa na Zanzibar, ambako alikaa siku karibu kumi akingojea meli nyingine, kiisha ikamufikisha Durban. Nyuma ya siku chache tu, kwenye gare ya Pietermaritzburg, walimutoa kwa nguvu katika gari la daraja la kwanza juu ya rangi ya ngozi yake, ijapokuwa tiketi ilikuwa mkononi. Alipitisha usiku akitetemeka kwa baridi ndani ya gare, akijiuliza kama arudi kwao ao abaki. Akabaki.

Ile kesi ilimalizika vizuri. Gandhi aliwasukuma wale ndugu wawili wafanyabiashara wakubali mpatanishi, juu waavoka walikuwa wanakula mali ya pande zote mbili. Aliyeshindwa alipaswa kulipa paundi 37,000, na Gandhi akaomba alipe kidogo kidogo ili asifilisike. Kazi ikaisha, mwaka ukaisha. Mwaka 1894, katika karamu ya kumuaga, alisoma gazeti na kuona kwamba serikali ya Natal inataka kunyima Wahindi haki ya kupiga kura. Wenzake wakamuomba abaki mwezi mmoja tu.

Ule mwezi mmoja ulizaa miaka 20. Tunaona hapa kwamba mtu hapangi kukaa ugenini miaka 21. Anapanga mwezi, kiisha mwezi mwingine.

MICHANGO NA RISITI

Mwaka ule ule, 1894, Gandhi na wenzake walianzisha chama cha Wahindi wa Natal. Sisi watu wa mutualite tunapaswa kusikiliza vizuri sehemu hii. Yeye mwenyewe alikataa kulipwa mshahara kwa kazi ya chama. Wafanyabiashara karibu 20 walimupa kazi ya avoka, na ile njo ilimulisha.

Mwanzoni mchango ulikuwa kila mwezi, kila mtu kwa nguvu yake. Kumbe kufuata watu kila mwezi kulichosha viongozi, basi wakabadilisha: mchango wa mwaka, angalau paundi 3. Walizunguka kwa miguu na kwa treni kuukusanya. Siku moja, sehemu ya Tongaat, mfanyabiashara mmoja waliyemutegemea kwa paundi 6 alisema atatoa 3 tu. Wakiikubali, na wengine wote watatoa nusu. Walikuwa na njaa, usiku ulikuwa umeingia, lakini walikaa nyumbani mwake wakimubembeleza mpaka asubuhi. Kulipokucha akahesabu paundi 6, na akawapikia chakula.

Gandhi alishika jambo moja kwa nguvu sana: kila senti iliandikwa, na kila aliyetoa alipewa risiti, hata kama alitoa kidogo namna gani. Kwake, pesa ya watu isiyo na hesabu ni sumu ya chama. Wafazili wetu wanajua juu ya nini tunarudilia neno hili katika kila mkutano.

MAMA ANASHUKA KATIKA MELI

Nyuma ya miaka tatu, Gandhi aliona kwamba hatarudi upesi. Mwaka 1896 alienda Uhindi kuchukua familia. Walipanda meli Courland, mali ya Dada Abdulla: Kasturba, Harilal wa miaka 8, Manilal wa miaka 4, na Gokuldas wa miaka 10, mtoto wa dada yake mjane.

Mbele ya safari baba alifanya kazi ambayo wazazi wengi wanaifahamu: kutengeneza familia ifanane na watu wanaoheshimika. Alifikiri kwamba Waparsi njo Wahindi wanaoonekana wastaarabu machoni pa Wazungu, basi akaamuru mke avae sari ya namna ya Waparsi, na watoto koti na suruali. Viatu na soksi vilikuwa vigeni kwao. Miguu iliumia, soksi zikanuka jasho. Walifundishwa kula na uma na kisu. Hakuna aliyeulizwa kama anapenda. Miaka ilivyopita, baba mwenyewe aliacha ile yote, na wakatupa uma na kisu kwa furaha.

Meli ilifika Durban mwezi wa 12, lakini hawakuruhusiwa kushuka. Kulikuwa na ugonjwa wa tauni huko Bombay, basi meli mbili zenye watu karibu 800 zikafungiwa baharini siku 23. Tauni ilikuwa sababu ya kuandika kwenye karatasi. Sababu nyingine ilikuwa kelele ya Wazungu wa mji, waliofanya mikutano wakitaka Wahindi warudishwe. Walikuwa wamesikia, kwa habari zilizokuzwa, kwamba Gandhi aliwasema vibaya akiwa Uhindi na kwamba anawaletea mafuriko ya wahamiaji. Walioishi mu kambi ya kungojea wanajua siku 23 ni nini kwa mama mwenye watoto wadogo, wakati watu wa pwani wanapiga kelele kwamba hawakutaki.

Tarehe 13 mwezi wa kwanza 1897 waliruhusiwa kushuka. Kasturba na watoto walitangulizwa kwa gari mpaka nyumba ya Rustomji, rafiki Muparsi. Gandhi alifuata kwa miguu. Vijana wakamutambua, kundi likakusanyika, wakamutupia mawe na mayai, wakamupiga mateke mpaka akashika vyuma vya uzio ili asianguke. Mke wa komanda wa polisi, Bibi Alexander, alipita pale. Akafungua mwavuli wake na kusimama kati ya Gandhi na wale watu, juu hawakutaka kumupiga mwanamke Mzungu. Usiku watu waliizunguka nyumba ya Rustomji, wakitisha kuichoma. Komanda mwenyewe akawaimbisha nyimbo mlangoni ili kuwachelewesha, na Gandhi akatokea nyuma, amevaa nguo ya polisi.

Ile ilikuwa siku ya kwanza ya Kasturba na watoto wake Afrika. Serikali ilipotaka kuwashitaki wale waliomupiga, Gandhi alikataa, akisema kosa ni la viongozi waliowadanganya. Watu wengi wanamusifu juu ya ile, na ni haki. Sisi tunamukumbuka pia yule mama ndani ya nyumba isiyo yake, anasikia mawe yanapiga dirisha, hajui neno moja la lugha ya nje.

NYUMBA ISIYO NA JAMAA

Familia ilikaa Durban katika nyumba nzuri karibu na bahari. Watoto wengine wawili walizaliwa kule, Ramdas na Devdas. Kwa Devdas, mwaka 1900, uchungu ulikuja haraka, daktari hakupatikana, mkunga alikawia. Gandhi alikuwa amesoma kitabu cha uzazi, akapokea mtoto na mikono yake mwenyewe. Kwao, kazi hii ingefanywa na mama, shangazi, wajirani wazee. Ugenini mume njo anakuwa jamaa yote.

Na mume akikosea, hakuna wa kumukosoa. Makarani wa biro ya Gandhi waliishi nyumbani kwake kama watoto wa familia, na vyombo vya kukojolea vya usiku vilimwagwa na baba ao mama wa nyumba. Kasturba alikubali kwa wengine. Ila karani mmoja alitoka katika tabaka ambalo Wahindi wakati ule walikataa kuligusa, na hapo Kasturba alishindwa. Alibeba chombo akilia. Gandhi hakutosheka, alitaka abebe na furaha. Maneno yakawa makali, akamukamata mkono, akamuvuta mpaka kwenye mlango wa nje ili amufukuze. Kasturba akamuuliza kama hana haya: aende wapi, na hana baba wala mama wala ndugu katika nchi hii? Gandhi alipata haya kweli, akafunga mlango. Nyuma ya miaka mingi aliandika habari hii yeye mwenyewe, bila kujificha.

Alikuwa na haki juu ya karani. Mtu ni mtu. Lakini namna alivyomutendea mke ilikuwa vibaya, na ugenini ulizidisha ubaya ule. Wamama wa chama chetu waliozalia mu kambi hawahitaji tuwaeleze zaidi.

SHULE YA WATOTO

Sasa tunafika mahali ambapo mambo ni magumu. Shule za Wazungu zilikuwa zimefungiwa watoto Wahindi. Kwa heshima aliyokuwa nayo, Gandhi angeweza kuombewa ruhusa ya pekee kwa watoto wake. Alikataa, juu watoto wa Wahindi wengine hawangeipata. Shule za wamisionari zilifundisha kwa Kiingereza, na yeye alitaka watoto wajue Kigujarati, wasije kurudi kwao kama wageni. Akalipa mwalimu Muingereza paundi 7 kwa mwezi, haikumuridhisha. Akajaribu kuwafundisha mwenyewe, ila kazi ya avoka na ya chama ilimeza saa zote. Kwa muda aliwatuma Harilal na Gokuldas shule ya kulala huko Uhindi, kiisha akawarudisha.

Baadaye, Johannesburg, alikuwa anawafundisha njiani: watoto walitembea naye kwenda biro na kurudi, karibu kilomita 8, wakizungumza Kigujarati. Rafiki yake Muingereza, Henry Polak, aliyeishi nao, alibishana naye sana. Polak aliona kwamba mtoto anayejua Kiingereza toka udogo atatangulia wengine. Gandhi aliona kwamba mzazi anayemunyima mtoto lugha ya kwao anamuibia. Hapa sisi tunasema Gandhi aliona vizuri nusu. Lugha aliwapa. Diploma hakuwapa.

Tuseme pia jambo lingine bila kulificha. Katika miaka ile Gandhi alipigania haki za Wahindi, na katika maandishi yake ya wakati ule alisema juu ya watu weusi kwa dharau, akikataa Wahindi wawekwe pamoja nao. Shule ya John Dube ya Ohlange, iliyojengwa kwa watoto Waafrika, ilikuwa karibu kabisa na Phoenix, shamba ambalo Gandhi alianzisha mwaka 1904. Katika 2018 chuo kikuu cha Ghana kiliondoa sanamu yake juu ya maneno yale. Mgeni anaweza kulilia haki yake na kutomuona mwenyeji anayeteswa karibu yake. Hata sisi, huko tulikokuwa, tuliishi katika udongo wa wengine.

ZAWADI ZA KUAGA

Mwaka 1901 Gandhi aliona kazi yake imetosha, wakapanga kurudi Uhindi. Watu wakawaletea zawadi: dhahabu, feza, almasi, na mkufu wa thamani kubwa kwa Kasturba. Gandhi hakulala usiku ule. Aliona kwamba amepewa juu ya kazi ya watu wote, basi mali ni ya watu wote. Watoto walikubali. Kasturba alikataa: alisema anafikiria wakaza wana wake wa kesho, na kwamba ile kazi ya chama ilimuchosha yeye pia, usiku na mchana, akipikia na kuoshea watu wa kila namna. Alikuwa na haki, na Gandhi mwenyewe alikubali kwamba maneno yale yalimuchoma. Lakini mali yote iliwekwa bankini, ikawa mfuko wa kusaidia jamii, chini ya wasimamizi. Mfuko ule ulidumu miaka mingi.

Wafazili wataona hapa mtu mwaminifu. Sisi tunaona na mwanamke aliyefanya kazi bila jina lake kuandikwa katika kitabu cha chama.

KURUDI MARA YA KWANZA, NA KUONDOKA TENA

Kurudi kule hakukudumu. Alifungua biro huko Bombay, akapanga nyumba. Manilal akaugua sana, homa ikamukamata siku nyingi, akapona. Maisha yalikuwa yanaanza kutulia, wakati telegramu ilifika mwisho wa 1902: arudi Afrika ya Kusini. Akawaacha mke na watoto, akidhani ni kwa mwaka mmoja. Mara nyingine tena, mwaka mmoja. Nyuma ya karibu miaka miwili aliwaita wamufuate. Harilal alibaki Uhindi, akaoa mwaka 1906, kiisha akaja.

Toka hapo nyumba ya Gandhi haikuwa tena nyumba ya familia moja. Ilikuwa Phoenix, ambako walilima na kuchapa gazeti lao, kiisha, toka 1910, Shamba la Tolstoy karibu na Johannesburg, ambako familia za waliofungwa gerezani ziliishi pamoja. Sheria mpya ilitaka kila Muhindi wa Transvaal ajiandikishe kwa alama za vidole na kutembea na karatasi kila saa. Walikataa, wakachoma karatasi zao, wakaenda gereza. Harilal alikuwa wa mbele, alifungwa mara nyingi, mpaka watu wakamuita Gandhi mdogo.

HARILAL

Ila Harilal alitaka kusoma. Rafiki wa familia, daktari Mehta, alitoa pesa ya kumutuma kijana mmoja Uingereza. Gandhi akamupa jamaa mwingine, na nafasi ile ilipofunguka tena, akamupa kijana mwingine. Hakutaka ionekane kwamba anapendelea wake. Katika 1911 Harilal alitoroka nyumbani bila kuaga, akafika mpaka pwani ya Msumbiji. Akarudishwa, wakazungumza na baba usiku kucha, na asubuhi akaagwa kwenda Uhindi. Alikuwa amepita miaka 20, anaenda kukaa darasani na watoto. Hakufaulu mtihani.

Mwaka 1915 aliandikia baba yake barua ndefu na kuisambaza kwa watu, akieleza vile watoto walinyimwa masomo na kusikilizwa. Mwaka 1918 mke wake akafa. Pombe ikamukamata, madeni yakafuata. Alikufa 1948, miezi michache nyuma ya baba. Gandhi aliandika kwamba watoto wake wote walimulaumu juu ya masomo. Alikubali sehemu ya lawama, ila aliendelea kuamini kwamba aliwapa heshima na uhuru badala yake.

Hatumuhukumu. Tunasema tu: miaka ambayo baba aliita ya muda, kwa mtoto ilikuwa utoto wote.

KURUDI, NA MWAKA WA KUNYAMAZA

Katika 1913 jaji mmoja alikata kwamba ndoa zisizofungwa kikristo hazina nguvu mbele ya sheria. Kwa siku moja, wake wa Wahindi wakawa kama si wake. Sasa Kasturba mwenyewe akatoka. Alikuwa katika kundi la kwanza la watu 16 wa Phoenix waliovuka mpaka bila karatasi, akafungwa miezi 3 na kazi ngumu. Wafanyakazi wa migodi ya makaa wakafunga kazi, zaidi ya 2,000 wakatembea kwa miguu wakivuka mpaka. Mwaka 1914 serikali ikakubali: ndoa zikatambuliwa, kodi ya paundi 3 waliyolipishwa vibarua wa zamani ikaondolewa. Yule mama aliyeshuka mwaka 1897 bila kujua lugha, aliondoka amesaidia kubadilisha sheria ya nchi.

Mwezi wa 7 mwaka 1914 waliaga Afrika. Gandhi na Kasturba walipitia London. Watoto na vijana wa Phoenix walienda moja kwa moja Uhindi, wakapokelewa katika shule ya mshairi Tagore. Tarehe 9 mwezi wa kwanza 1915 Gandhi alishuka Bombay, amevaa nguo za wakulima wa kwao.

Watu walimupokea kama shujaa, na kila mtu alingoja hotuba. Lakini mzee wake, Gokhale, alimuomba jambo moja: kwa mwaka mzima azunguke nchi, aangalie, asikilize, asitoe mawazo yake juu ya siasa mbele ya watu. Gandhi akakubali. Alizunguka ndani ya treni za daraja la tatu, kati ya watu na mizigo na kuku. Alikuwa ametoka kwao mara ya kwanza akiwa na miaka 18, sasa alikuwa na 45. Alijua kwamba nchi aliyoibeba kichwani haikuwa tena ile iliyo mbele yake.

Yaliyofuata munayajua: miaka zaidi ya 30 ya kupigania uhuru, magereza, uhuru wa 1947. Manilal alirudishwa Afrika ya Kusini, akaongoza gazeti la Phoenix mpaka kifo chake 1956. Kasturba alikufa kizuizini huko Pune, mwezi wa 2 mwaka 1944, mume akiwa kando yake. Gandhi aliuawa kwa risasi tarehe 30 mwezi wa kwanza 1948. Leo serikali ya Uhindi inakumbuka tarehe 9 mwezi wa kwanza kama siku ya Wahindi waishio ng'ambo, juu njo siku yule mwana wao alirudi.

KWETU SISI

Maisha haya yanatuachia mambo matatu ya kuzungumza katika vikundi vyetu.

La kwanza ni hesabu. Chama cha watu masikini kinasimama juu ya risiti. Aliyetoa kidogo na aliyetoa mingi, wote waandikwe.

La pili ni namna ya kurudi. Sisi tuliorudi tunafika na mazoea ya kule, na walioshikilia vijiji wakati wa vita wako na maumivu yao ambayo hatuyajui. Tukianza kwa kusema, tutagombana juu ya mashamba na juu ya heshima. Tukianza kwa kusikiliza, hata mwaka mzima, tutapata mahali pa kukaa.

La tatu, na kubwa, ni watoto. Kati yetu kuna watoto waliosoma kwa Kiingereza ao kwa Kiswahili cha Tanzania, na sasa wanakaa nyuma darasani juu ya Kifaransa. Kuna wengine wenye bulletin za kule zisizotambuliwa, na wengine wakubwa wanaona haya kukaa na wadogo, kama Harilal. Wazazi wanasema: tujenge nyumba kwanza, tulime kwanza, shule itakuja mwaka kesho. Wandugu, ule mwaka kesho tulishausema sana kule tulikotoka.

Basi tunaomba kila mwanachama, kwenye mkutano unaokuja, alete majina ya watoto wake wenye shida ya bulletin ao ya lugha, na kama iko karatasi yoyote ya shule ya kule, hata iliyopasuka, ailete pia. Walimu walio kati yetu watoe saa moja kwa juma. Na nyinyi wafazili, kama muko na kitu cha kutoa mwaka huu, tunaomba kiende hapo kwanza, mbele ya mabati na mbele ya viti vya biro. Mtapata risiti yenu.

Mungu awabariki, na amani ikae ndani ya nyumba zenu.

Komite